Anayelia Ana Pumzi

Baba yangu aliamini kwamba mtoto asiyejua kufunga jeraha hajalelewa. Mama aliamini hivyo hivyo kuhusu mtoto asiyejua kumenya ndizi, kwa hiyo nyumba yetu ya Karatu ilikuwa na shule mbili, na Jumapili baada ya ibada zilifunguliwa zote kwa pamoja, ya mama jikoni na ya baba uani. Mimi nilitoroka ya jikoni kila nilipoweza. Ndiyo maana hadi leo nashona ngozi ya mtu vizuri kuliko ninavyopika mtori.

Baba alikuwa mhudumu wa tiba jeshini. Alikwenda vita vya Kagera na nywele kichwani, akarudi na upara na maneno machache. Alipoacha jeshi hakutaka kurudi Machame kwa ndugu zake. Alisema Kilimanjaro kila mtu ana duka, lakini Karatu kila mtu anajenga, akafungua duka la misumari na mabati. Wageni walipomdodosa kuhusu vita aliwauliza kama wanahitaji bawaba. Kilichobaki kwake kilikuwa mchezo mmoja tu, na mchezo huo alitufundisha sisi wanawe.

Tulilala chini uani, wote isipokuwa mmoja, na baba akapita na kipande cha mkaa akituchora majeraha: huyu mguuni, huyu kichwani, huyu tumboni. Aliyebaki amesimama ndiye tabibu. Kazi yake haikuwa kutibu, ilikuwa kuchagua nani aanze, maana, baba alisema, majeruhi ni wengi na mikono yako ni miwili tu. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa kufa. Aligaagaa, aliita mama, aliomba maji, aliturithisha baiskeli yake. Zamu yangu ilipofika nilimkimbilia yeye bila kufikiri, nikamfunga mguu kwa kanga ya mama, nikasimama nikisubiri sifa.

“Umemaliza?” baba aliuliza.

“Nimemaliza.”

“Na huyu?” Alinionyesha kitinda mimba wetu, aliyechorwa tumboni. Alikuwa kimya kabisa, na kusema kweli alikuwa amesinzia. “Huyu amekufa wakati wewe unamsikiliza yule mwimbaji.”

Kisha akasema maneno ambayo aliyarudia kila Jumapili iliyofuata: anayelia ana pumzi, mwache kwanza, anza na aliyenyamaza. Mimi nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo, na nilimwambia mchezo wake ni wa kijinga. Baba alicheka. Kumwona akicheka lilikuwa jambo la nadra, kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilijilaza tena.

Nikasomea uuguzi, na miaka ya tisini ikielekea ukingoni nikapangiwa zahanati Malambo, upande wa tambarare wa wilaya ya Ngorongoro. Mama alilia kana kwamba napelekwa mwezini. Baba alinipa mkasi wake wa jeshi, akaniambia nisiwakatie watu kucha.

Nilifika Malambo na godoro, ndoo na ujuaji mwingi. Bibi mmoja wa Kimasai alinipokea kwa salamu yao, “takwenya”, nami nikamjibu “shikamoo”, yeye na wenzake wakacheka hadi watoto wakaitwa waje kusikiliza. Baada ya hapo nilijifunza kujibu “iko” kama mtu aliyelelewa. Kimaa changu, lugha yao, hakikuvuka sana salamu na majina ya maumivu. Yaliyobaki aliyabeba dereva wa gari letu, Mmbulu wa vijiji vya Karatu, mtu mrefu, mpole, aliyekaa na Wamasai miaka mingi hadi akawa anaota ndoto, kwa madai yake, kwa Kimaa. Yeye ndiye alikuwa mdomo wangu, na mara nyingi aliusafisha kwanza kabla ya kuutumia. Mimi nilisema, “Mwambie huyu mama mtoto ana utapiamlo kwa uzembe wake,” naye akatafsiri kitu kirefu chenye heshima ambacho kilimfanya mama atabasamu na kuja tena mwezi uliofuata.

Njiani tulikuwa na saa nyingi na redio mbovu, basi nikamsimulia ya baba na mkaa wake. Msemo ule ulimkaa. Siku za chanjo, mtoto akichomwa sindano na kupiga mayowe, dereva aliwatangazia akina mama kwa Kimaa kwamba huyo aachwe, ana pumzi, nao wakacheka. Mbuzi akilia ana pumzi, gari likipiga kelele lina pumzi. Alinichosha.

Lakini kulikuwa na watu ambao msemo wa baba haukuwafikia. Siku moja kijana wa kimorani alikuja zahanati na ngozi ya kichwa imechanika kwa mti, na dawa ya ganzi ilikuwa imeisha. Nikamwambia asubiri gari lirudi na dawa. Akakaa chini, akaniashiria nishone. Nilishona. Yeye aliangalia mbuzi wanaopita nje, na sidhani kama alipepesa jicho. Dereva alinieleza baadaye kwamba tangu siku ya jando, kijana anayekunja uso mbele ya kisu huiaibisha nyumba yake yote, na rika lake humkumbusha mpaka uzeeni. Niliona ni ukaidi mtupu. Nilimsifu hata hivyo, akanitazama kama niliyemtukana, maana nilikuwa nimeonyesha kwamba kulikuwa na kitu cha kusifiwa.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Tulikuwa tumelala Piyaya kwa ajili ya chanjo. Jua lilikuwa halijapanda vizuri mtoto wa kike alipokuja kutuita: kuna boma ambalo wezi wamechukua ng'ombe usiku, morani wamewafuata, ng'ombe wamerudi, lakini vijana wameumia. Wezi walitoka wapi sijui hadi leo, na sikuuliza. Majeruhi haulizwi kabila la mkuki.

Nilitegemea kukuta vilio. Nilikuta wanawake wanakamua. Ng'ombe walikuwa zizini, ndama wanasukumana, moshi unapanda, na vijana watatu wamekaa wakiegemea uzio wa miiba, wamejifunika shuka zao. Wa nne alikuwa amesimama akiegemea mkuki wake, mguu mmoja juu ya goti la mwingine, kama wanavyosimama machungani.

Nikasimama mbele yao na mkoba wangu, na kwa mara ya kwanza mchezo wa baba ukanitupa. Hakuna aliyelia. Wote wamenyamaza, kwa hiyo wote walikuwa wa kwanza. Macho nayo hayakunifaa: shuka nyekundu, na shingo na nywele zimepakwa udongo mwekundu, na damu juu ya wekundu ule haionekani ilipoanzia. Nilibaki na mikono tu. Nikapiga magoti, nikaanza kupapasa.

Wa kwanza alikuwa amekatwa sime pajani, nyama imefunguka kama mdomo. Wenzake walikuwa wamemkaza kwa ukanda wa ngozi. Nilikandamiza kwa shashi hadi damu ikatulia, nikafunga, nikainua mguu juu ya kigoda. Wa pili alipigwa rungu kichwani. Damu nyingi, lakini alinijibu jina la boma lake na la baba yake bila kukosea, na mboni za macho zilikuwa sawa. Wa tatu alikuwa na mshale begani. Mwenzake alikuwa amekwisha kuushika auchomoe, nikampiga mkono. Mshale hauchomolewi porini, maana huenda ndio unaoziba tundu. Niliuzungushia vitambaa usitikisike, nikaukata mti wake kwa mkasi wa baba, na mkono nikaufunga kifuani.

Aliyenisaidia kazi yote hiyo alikuwa yule wa nne. Alisoma shule ya msingi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi mjini. Alinishikia bandeji, alinitafsiria, alitania wenzake.

“Na wewe je?” nilimuuliza.

“Mimi mzima, daktari.” Akanionyesha mchubuko mkononi. “Angalia wenzangu.”

Nikaangalia wenzake. Wa paja alihitaji kupasuliwa, hilo lilikuwa wazi. Mto wa upande wa Loliondo ulikuwa umejaa na haupitiki, na kwenye redio kol walinijibu kwamba mpasuaji aliyepo ni wa Karatu. Hiyo ilikuwa safari ya kukata tambarare yote, kupanda mdomo wa kreta na kushuka upande wa pili. Gari letu nyuma lilikuwa na masanduku ya chanjo na godoro moja jembamba. Nilitamka kwa sauti, nikimwambia dereva: nafasi ya kulala ni moja, na ni ya huyu wa paja. Wengine nimeshawafunga, watasubiri hapa, gari likirudi tutaona.

Wakati dereva anapanga masanduku, wanawake wakaja na kibuyu. Ndani yake kulikuwa na maziwa yaliyochanganywa na damu mbichi ya fahali, iliyotolewa shingoni mwake asubuhi hiyo hiyo. Niliruka.

“Hapana! Waambie hapana. Mtu wa kupasuliwa hanywi kitu!”

“Nitawaambia,” dereva akasema, akawaambia, wakamjibu kwa upole. “Wanasema mtu aliyemwaga damu anarudishiwa damu. Wanauliza ninyi hospitali mnamrudishia nini.”

Nilifoka. Nilisema maneno ambayo nashukuru hayakutafsiriwa. Kibuyu kilipita mbele yangu kana kwamba mimi ni kichuguu. Na hapo yule wa nne, aliyekuwa amesimama muda wote, akaja akakaa mstarini na wenzake, kwa sababu morani hanywi maziwa peke yake, na rika halinywi likimwacha mwenzao pembeni. Sikuwa na la kufanya ila kuwatazama kwa hasira, na kwa sababu ya hasira niliwatazama sana.

Wa kichwa alikunywa. Wa mshale alikunywa, akishikiwa. Wa nne alipokea, akainua kibuyu, akakaa nacho mdomoni muda ule ule kama wenzake. Koromeo lake halikupanda wala kushuka. Mstari mdogo wa rangi ya waridi ulimtoka pembeni mwa mdomo, akaufuta kwa shuka, akampa wa paja aliyekaa kando yake. Wa paja alikipokea, akakipima uzito kidogo mkononi, akatazama mbele. Kisha akanywa funda moja.

Nikaenda nikamshika yule wa nne mkono, kama mtu anayemshukuru kwa msaada wake. Mkono ulikuwa wa baridi na umelowa jasho, na mapigo yalikimbia membamba chini ya vidole vyangu. Aliendelea kutabasamu. Nikapitisha mkono chini ya shuka. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama, na chini ya mbavu za kushoto niligusa majani yaliyotafunwa, yaliyoziba tundu lisilozidi kifungo cha shati. Nje halikuvuja kitu. Kila kitu kilikuwa kinavujia ndani.

“Usiseme,” aliniambia taratibu kwa Kiswahili. “Nafasi ni moja, nimekusikia. Ni ya yule.”

“Utakufa wewe.”

“Yule anatoka damu, daktari. Kila mtu anaona.”

Mtu mwenye busara angekaa akafikiri. Mimi nilisimama nikatangaza. Nilimwambia dereva awaambie wote kwamba nimebadili, godoro ni la huyu, yule wa paja abaki. Dereva alinitazama akiniomba kwa macho nipunguze, nikamwambia atafsiri kama nilivyosema, na safari hii, kwa bahati mbaya, alitii.

Mama wa yule wa paja aliacha ndama aliyekuwa amemshika, akaja akaweka mgongo wake kwenye mlango wa gari. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yule mama sikumlaumu wala simlaumu. Alisema mwanawe anaonyesha mfupa na mimi nachukua anayesimama kwa miguu yake. Aliuliza kama kule nilikosoma walinifundisha kutazama. Wazee walikuwa wamefika, wakanigeukia, na mimi sikuwa na cha kuwaonyesha. Nilikuwa na koromeo ambalo halikupanda, na mkono wa baridi.

Ndipo yule wa nne akamaliza shauri. Alisimama, akamkabidhi wa kichwa mkuki wake, akajinyoosha, akaruka. Aliruka juu wima kama ngomani, shuka ikapepea, akatua kwa miguu miwili na uso wake haukubadilika hata kidogo. Wanawake wakashangilia. Wazee wakacheka wakanitazama kwa huruma. Mimi nilijua kwamba ndani ya tumbo lake kuna kitu kimezidi kuchanika, na kwamba mimi ndiye niliyemrusha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Kijana wa paja alikuwa hajasema neno tangu tulipofika. Sasa akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza ugoro. Dereva akanitafsiria: “Anasema atapanda. Ila haendi mji wa watu peke yake, yeye si mbwa. Anataka huyu mwenzake amsindikize.”

Mama akaondoka mlangoni mara moja. Wazee wakaona ni neno la haki, morani hasafiri bila mwenzake. Mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kueleza kwamba sivyo, kwamba mgonjwa hasa ni yule msindikizaji, kwamba kama kuna anayestahili godoro, na hapo dereva alinikanyaga mguu. Alinikanyaga hasa, kwa kisigino cha kandambili ya tairi.

“Sista,” alisema akitabasamu kwa wazee, “leo naomba unyamaze.”

Nikanyamaza. Walimbeba wa paja wakamlaza kwenye godoro. Msindikizaji alipanda mwenyewe, akakaa wima kando ya kichwa cha mwenzake, mkuki umetokeza dirishani, na tulipoondoka alitazama mbele kama mtu anayekwenda mnadani. Mama wa mgonjwa alimpa baraka za safari na kumwagiza amtunze mwanawe.

Boma lilipofichwa na kilima, kijana wa paja alijiinua kwa viwiko. Sikumwambia. Alijivuta hadi juu ya masanduku ya chanjo, akapandisha mguu wake uliofungwa juu ya sanduku, jasho likimtiririka, kisha akapiga godoro kwa kiganja, mara mbili. Mwenzake akalala hapo. Nilipomaliza kumtundikia dripu, wa paja alivua shuka yake ya juu, akamfunika mwenzake uso.

Mwanzoni sikuelewa, nikataka kuiondoa apate hewa. Kisha nikasikia, chini ya kitambaa, sauti ndogo ya mtu anayeugua. Uso haukuonekana na mtu, kwa hiyo uliruhusiwa kukunjamana. Nikairudisha shuka nilivyoikuta, nikaacha upenyo puani.

“Analia?” dereva aliuliza bila kugeuka.

“Analia.”

“Basi ana pumzi,” akasema, na kwa mara ya kwanza msemo ule haukunichosha.

Sijui niieleze vipi safari ile. Dereva alikwepa mashimo kama mtu aliyebeba mayai ya mkwe. Tulipita upande wa Olduvai, vumbi jeusi la mvua ya kwanza, swala wametawanyika kila upande, na mimi sikio langu likiwa juu ya ile shuka. Kila sauti ile iliposikika nilipumua. Tulipoanza kupanda mdomo wa kreta ukungu ulitufunika, na hapo juu, mahali magari ya watalii yanaposimama watu wapige picha za bonde ambalo siku hiyo halikuonekana, sauti ilikoma.

Dereva alipiga honi, watalii wakakimbilia pembeni na kamera zao. Mimi nilishika mkono wa kijana. Mapigo yalikuwepo, membamba kama uzi.

“Lia!” nilimwambia. “Wewe! Nakwambia lia!”

Hakuna. Yule wa paja aliinama kutoka juu ya masanduku, akamwambia kitu kwa Kimaa, kifupi. Chini ya shuka ikaja sauti, si ya kuugua, ya kucheka kwa shida. Nilimuuliza dereva amemwambia nini.

“Amemwambia, mwanamke huyu anayeamuru watu walie akija kwenye jando hatapona mtu.”

Nikamwongezea kasi ya dripu, na tukashuka kuelekea lango la Lodoare, wote wawili wakiugua sasa, yule wa juu ya masanduku akiugua kwa nguvu zaidi kuliko jeraha lake lilivyodai. Nadhani alikuwa anamfungulia mwenzake njia.

Walipokelewa Karatu mchana ule ule. Utumbo wa msindikizaji ulikuwa umetoboka na damu imejaa tumboni, na waliniambia mambo mengine ambayo wauguzi huambiana kwa sauti ya chini. Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Habari Karatu hazihitaji barua. Baba alifika na chupa ya chai, amevaa koti lake la dukani lenye kutu mfukoni, akakaa.

“Ulianza na nani?”

Nikamsimulia yote, shuka nyekundu, kibuyu, mruko. Nilipofika kwenye koromeo alinisimamisha nirudie.

“Hakumeza,” alisema.

“Hakumeza.”

Nesi alipita na beseni, mlango ukafunguka na kujifunga. “Sisi kule Kagera hatukuwa na maziwa,” akasema.

Nilijua kwamba hapo kuna mtu. Nilijua pia kwamba nikiuliza sasa hivi huenda nikajibiwa, baada ya miaka yote hiyo ya misumari na bawaba. Nikamuuliza alikuwa nani, yule aliyenyamaza.

Baba akamimina chai kwenye kifuniko, akanikabidhi. “Kunywa,” alisema. “Na nikuone ukimeza.”

Nilikunywa, naye akanitazama shingo hadi kifuniko kikaisha. Nampenda baba yangu kwa siku ile kuliko siku nyingine zote.

Kijana alikaa kati ya huku na huko siku kadhaa, akiwaka homa. Mwenzake wa paja, aliyeshonwa mapema, alikataa kuruhusiwa. Alilala sakafuni chini ya kitanda, na wauguzi wa wodi wakachoka kumfukuza. Kisha homa ikashuka, kijana akaomba uji, akanyimwa, akakasirika. Mgonjwa akikasirika, mimi hupanga safari ya kumrudisha kwao.

Tuliwarudisha mvua zikielekea mwisho, dereva na mimi, nyasi zimefika magotini. Kwenye boma mama wa yule wa paja alinisogelea, nikajiandaa. Akanishika mkono, akasema “takwenya”, nikajibu “iko”, akaniuliza kama msindikizaji alimtunza vizuri mwanawe. Nikamtazama dereva. Dereva akatazama tairi.

“Alimtunza,” nikasema. “Walitunzana.”

Wa kichwa na wa mshale, waliotibiwa gari liliporudi, walikuwa wanasubiri kwenye uzio ule ule. Wakakaa wote wanne mstarini, na kibuyu kikaletwa, maziwa matupu safari hii. Wa kichwa akanywa. Wa mshale akanywa kwa mkono wake mwenyewe. Kikamfikia yule wa nne. Alikishika bila kukiinua, akanitafuta kwa macho kati ya wanawake, akanipata. Kisha akainua kidevu juu kabisa, zaidi ya anavyohitaji mtu kunywa, shingo yote iko wazi kwenye jua, na akanywa taratibu ili nione. Koromeo lilipanda likashuka. Likapanda tena, likashuka.

Nililia. Sikulia kidogo kwa kujificha kama mtumishi wa afya. Nililia kwa sauti, mbele ya wazee na morani na ndama, kamasi na kila kitu. Wanawake walitaka kuja kunishika. Dereva akawainulia mkono.

“Mwacheni huyo,” aliwaambia. “Ana pumzi.”